Nyama ya Nazi

Kwetu pwani mtu haulizi nyama imetoka wapi. Ukikaribishwa na Mwislamu mwenzako, akanawa mikono, akasema "Bismillahi, karibu," basi mambo yamekwisha. Kumwuliza kama chakula chake ni halali ni kumtukana. Ni sawa na kumwambia kwamba unamwona mtu wa kuweza kukulisha haramu. Nimewaona watu wakigombania mipaka ya mashamba, wakishitakiana mahakamani Matuga, wakinyimana salamu mwaka mzima, lakini sijapata kumsikia mgeni, kuanzia Tiwi mpaka Msambweni, akimwuliza mwenyeji wake swali hilo. Neno moja linafanya kazi ya mchinjaji, ya kadhi na ya mashahidi wawili.

Jambo hili lilinikera tangu nikiwa shule. Watu hawa hawa wanaopima kitambaa upya wakifika nyumbani kwa kuwa hawamwamini mwenye duka, wanameza nyama kwa kuamini neno la mtu. Nilikuwa kijana wa kuhoji kila kitu, na ningali. Nilihoji tafsiri ya ndoto za baba, dawa za babu, hotuba za wanasiasa waliokuja kutueleza uhuru maana yake nini. Swali hili la nyama nililiweka kando pamoja na mengine, mpaka nilipopata mtu wa kulijaribia.

Ilikuwa Paris, miaka michache baada ya uhuru, wakati nchi za nje zilipokuwa zikigombania kutusomesha. Nilikuwa nimeshakaa mwaka mmoja nikisoma falsafa. Kuswali nilikuwa nimeacha bila kishindo chochote, siku moja tu nikaona sijaswali wiki nzima na hakuna kilichobadilika. Mwezi wa Septemba akaja yeye, kijana wa rika langu kutoka Kikoneni, kusomea magonjwa ya mimea na wadudu na wanyama wanaoiharibu. Nilimpokea stesheni. Katika jiji lile lote tulikuwa watu wawili tu wa Kwale, na jioni ile ile aliniambia habari ya mama yake.

Mama alikuwa mjane na hakutaka aende. Wazee na walimu walimsihi siku nyingi, akawa anawasikiliza na kuwapa chai na kukataa. Mwisho alikubali kwa sharti moja. Hakumwambia arudi na shahada, wala hakumkataza kuoa Mzungu. Alimtaka asitie haramu kinywani mwake mpaka atakaporudi. Alimwapisha akiwa amemshika mkono.

"Mengine yote nikishindwa nitamwambia nimeshindwa," aliniambia. "Hilo siwezi kumwambia."

Wiki mbili za kwanza alikula mkate, mayai ya kuchemsha, nyanya na dagaa wa mkebe. Akakonda, na hakuwa na kitu cha kukonda. Aliniuliza kama si kweli kwamba mji una Waislamu wengi wa Afrika ya Kaskazini wenye mikahawa yao. Nikamjibu kwamba mikahawa ile inauza mvinyo na polisi huivamia mara kwa mara. Yote mawili yalikuwa kweli kwa baadhi ya mikahawa. Nilishajifunza kwamba ukweli, ukiuchagua vizuri, unatosha kumpeleka mtu unakotaka.

Nikampeleka kwa mama wa Kivietinamu.

Ulikuwa mkahawa mdogo katika uchochoro karibu na mto, wenye meza sita zilizotandikwa kitambaa cha mpira, na madirisha yaliyofunikwa na mvuke hata usiweze kuona nje. Juu ya kila meza palikuwa na kopo la vijiti vya kulia na chupa ya mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti kavu, aliyetoka kusini ya nchi yake na kuacha huko watu ambao hakupenda kuwataja. Wanafunzi wa kila rangi walikula kwake kwa kuwa palikuwa rahisi na pana joto. Mwenzangu alisimama mlangoni, akavuta hewa puani.

"Hapa kuna mtu ameanika papa," alisema, na huo ndio uliokuwa utani wake wa kwanza tangu afike Ufaransa.

Niliagiza mimi, kwa kuwa yeye Kifaransa chake kilikuwa bado cha vitabuni. Tukaletewa bakuli mbili za nyama iliyokatwa vipande vinene, imepikwa polepole kwa sukari iliyounguzwa na maji ya nazi, na mayai mazima yamekolea rangi humo ndani. Wali ukaja kando, mweupe. Alilitazama bakuli, kisha akanitazama mimi.

Hakuniuliza. Alisubiri tu, mikono mapajani, jinsi mtu yeyote wa kwetu anavyosubiri. Ningeweza kusema hapa ni nguruwe, twende zetu. Ningeweza hata kunyamaza, na naamini angekula wali mtupu akaondoka. Nilimimina maji ya bilauri juu ya vidole vyangu, nikasema, "Bismillahi, karibu."

Akala. Tonge la kwanza alilitafuna akiwa amefumba macho. Akasema wallahi hii ni nazi, na hakusema kitu kingine mpaka bakuli lilipokwisha. Alikuwa ameviweka vijiti kando na kula kwa mkono. Mama wa mkahawa alimwona akacheka, akamletea bakuli la maji na kipande cha ndimu cha kunawia, na tangu siku hiyo hakumwekea tena vijiti.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba sikusema uongo. Nilisema neno, na neno kwangu halikuwa na maana, na mtu hawezi kudanganya kwa sauti isiyo na maana. Ni hoja nzuri, ningeweza kuiandikia kurasa ishirini. Lakini palikuwa na uongo mmoja wa kawaida kabisa. Wiki ya pili au ya tatu ya kula pale mama wa mkahawa aliniita kando akaniuliza kama rafiki yangu si Mwislamu, maana ameona ananawa na kuomba kabla ya kula, na kama ni Mwislamu yeye atampikia kuku. Aliuliza kwa wema, huku anajifuta mikono. Nikamwambia hapana, rafiki yangu ni mtoto wa mkulima, kwao nguruwe ni wengi kuliko watu.

Nalo hilo la nguruwe lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinijia haraka. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Nguruwe mwitu walikuwa wakiingia katika muhogo wao na kuufukua wote, na utoto wake ulipita akiwafukuza kwa kugonga debe. Baba yake, alipokuwa hai, aliwachoma mkuki, na majirani wa ng'ambo ya kijito, ambao hawakuwa Waislamu, walikuja na mti wakambeba mnyama wakaenda kumla. Siku hiyo mama yake aliwakusanya watoto akawapeleka kwa shangazi yao mpaka moshi wa ng'ambo utulie. Kwa hiyo alimjua nguruwe kwa nyayo, kwa mavi, kwa meno, kwa sauti ya kutafuna usiku wa mvua. Hakuwahi kumjua kwa harufu ya chungu. Nilipoyasikia hayo niliona jaribio langu limekamilika kuliko nilivyotarajia.

Kwa maana lilikuwa jaribio, na nilikuwa nikilichukulia kwa makini. Nilitaka kujua kama kitu kilichoharamishwa kina nguvu yake chenyewe, au nguvu yote imo katika kujua. Kama kingekuwa na nguvu, kingeonekana kwa mtu safi kama huyu. Angeumwa, angeota ndoto mbaya, sala ingemwia nzito. Nilimchunguza. Mashavu yakajaa, ngozi ikang'aa. Usingizi ukamjia vizuri. Aliswali kwa utulivu zaidi kuliko alipokuja na tumbo lake la mayai na dagaa. Hakuna kitu kilichomgundua. Nilifurahi kama mtu aliyefanya hesabu ndefu na jibu likaja zima.

Siku moja alimwona yule mama akihangaika na nazi, anaigonga na mgongo wa shoka la jikoni huku maji yanamwagika. Akainuka akaichukua, akaizungusha kiganjani, akaipiga mara moja, ikafunguka sawia na maji yote yakaingia bakulini. Wateja wakapiga makofi. Baada ya hapo nazi za mkahawa ule ziliwekwa zikimngoja yeye. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akivunja nazi za kupikia nyama yake mwenyewe, na mimi katikati nikitafsiri utani wao. Mama alimwambia akimaliza masomo asirudi kwao, amwoe yeye, atapata mkahawa na meza sita. Alimjibu kwamba mahari ya kwao ni tembo la mnazi na ng'ombe, atapitisha wapi ng'ombe katika uchochoro huu. Nilitafsiri vizuri. Sikuwahi kukosea neno lolote lisilo na madhara.

Akamwandikia mama yake kwamba ameshapata mahali pa kula pasipo shaka, na aliyempatia ni mimi. Jibu lilipokuja alinisomea mezani. Mama aliandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mkubwa wa mtu anayeona kwa shida, sala tupu kwa ajili yangu kuanzia juu mpaka chini. Mwisho aliomba apelekewe kipimo cha kichwa changu, anishonee kofia kabla macho hayajaisha. Rafiki yangu alitoa uzi mfukoni, akauzungusha kichwani kwangu watu wakitazama, akafunga kifundo, akaukata kwa meno na kuutia katika bahasha. Mimi nilikaa kama ng'ombe anayepimwa.

Ramadhani iliangukia katika baridi kali. Siku zilikuwa fupi, jua linatua watu wangali kazini. Yeye alifunga, na mimi nilifuatana naye kwenda kufuturu, kwa kuwa hakupenda kufuturu peke yake na mimi sikutaka kukosa kuona. Mama wa mkahawa alitutengea meza karibu na jiko bila kuuliza kwa nini tunakuja saa ile. Siku ya kumi, au ya kumi na moja, alikula tende yake, akanywa maji, akachukua matonge matatu ya nyama ya nazi. Kisha akaegemea kiti.

"Unajua, ndugu yangu," alisema, "mimi nilikuja huku ninaogopa. Nikasema nitakufa njaa au nitamvunjia mama ahadi, moja katika hayo. Tazama sasa. Mungu ametutafutia nazi Paris. Na wewe bado unamwuliza yuko wapi."

Kama angemsifu yule mama, au angenisifu mimi, nadhani ningenyamaza. Lakini alikuwa amelichukua jaribio langu, lililokuwa limetoa jibu langu, akalitumia kuthibitisha kinyume. Sikuweza kuvumilia. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa wakati ule, na sijapata nyingine nzuri zaidi.

"Ni nguruwe," nilimwambia.

Alitabasamu, akingoja utani umalizike.

"Hiyo uliyonayo mkononi. Na ya jana. Na zote tangu siku ya kwanza."

Mkono ulibaki pale ulipokuwa, kati ya bakuli na mdomo. Hakulitupa lile tonge. Alilirudisha bakulini taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Siku ile ya kwanza," alisema, "uliposema bismillahi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa ulisema ya nini?"

"Ni neno tu," nilijibu. "Na hii ni nyama tu. Umekula miezi minne, umenawiri, unaswali. Kuna kitu gani kilichokupata?"

Akanitazama bila hasira, na ningependelea hasira. Kisha akachukua bilauri ya maji na kijiko, akavaa koti, akatoka nje. Nilifuta mvuke wa dirisha kwa mkono wa shati. Palikuwa na mti kando ya njia, umezungushiwa chuma, na udongo wake umeganda kwa baridi. Alichutama pale, akakwaruza udongo kwa kijiko mpaka ukapatikana kiasi, akautia majini, akasukutua. Watu walimzunguka wakapita, wakamdhania mlevi. Akarudi ndani akajaza bilauri, akatoka. Sisi wa kwetu tunajua ugusapo nguruwe unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Nilihesabu mpaka saba. Mama wa mkahawa alikuja kusimama nyuma yangu akaniuliza anafanya nini kule. Nikamwambia anaumwa jino.

Aliporudi midomo yake ilikuwa imepauka. Aliketi, akaiweka bilauri mezani.

"Mdomo umesafika," alisema. Akalishika shavu lake, lile lililojaa, akalibana kwa vidole viwili. "Na hii je? Nywele, kucha, nyama hii yote. Nitaiosha vipi? Imeshakuwa mimi."

Nilikuwa na jibu. Nilimweleza jinsi mwili unavyovunja chakula vipande vidogo visivyo na jina, kwamba baada ya siku chache hakuna nguruwe wala kuku ndani ya mtu. Nilieleza kwa dakika kadhaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akaenda mlangoni mwa jiko akamshukuru yule mama kwa Kifaransa chake mwenyewe, kwa makosa mengi, akamwambia chakula chake ni kitamu na nazi zake ni nzuri. Hakurudi tena. Mama aliniuliza wiki nyingi kama jino limepona.

Mwaka mmoja na nusu uliofuata tulikaa mji mmoja. Alihamia kula kwa watu wa Afrika ya Kaskazini, ambao alikuwa amewapata ndani ya siku mbili bila msaada wangu. Tulipokutana alinisalimia salamu nzima, akauliza hali yangu, hali ya masomo, hali ya nyumbani Msambweni. Hakuna mwanafunzi yeyote aliyejua. Nilichungulia nyuso zao, nikaona hawajui. Na kila barua ya mama yake ilipokuja alinitafuta aniletee salamu. Mama anakusalimu. Mama anasema kofia imefika nusu. Mama anauliza itumwe au utaivaa ukirudi. Nikajibu nitaivaa nikirudi. Nilimjibu hivyo kila mara, naye kila mara aliitikia, "Nitamwambia."

Nilipokuwa nafunga safari ya kurudi alikuja chumbani kwangu na miwani, imefungwa katika leso, na barua iliyofungwa kwa gundi.

"Ya mama," alisema. "Mpe mkononi mwake. Usimpe mtu mwingine."

Ningeweza kuifungua ile barua kwa mvuke wa birika. Mimi ninayefungua kila kitu niliibeba baharini siku zote zile, na sikuifungua. Nilijiambia ni uungwana. Sasa naona nilikuwa naogopa. Wala sikuweza kutokwenda Kikoneni. Ukitoka aliko mtoto wa mtu, ukapita bila kupeleka salamu, ni kama umeleta habari ya msiba.

Nilifika mchana, kwa miguu kutoka barabarani, kati ya mikorosho na muhogo uliozungushiwa miiba. Alikuwa ameketi barazani. Palikuwa na jogoo mwekundu amefungwa mguu kwenye nguzo. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu na kunishika mikono yote miwili, akaikaza. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyomdhania, macho yamefanya ukungu. Kabla sijakaa aliingia ndani akatoka na kopo la biskuti, na humo kofia, nyeupe, imeshonwa kwa uzi wa rangi ya udongo, tundu ndogo ndogo mia na mia. Akanivisha mwenyewe, akaipapasa pande zote.

"Uzi haukudanganya," alisema.

Ilinikaa sawasawa. Akaniambia yule jogoo ni wangu, amemlisha mtama wiki mbili tangu aliposikia nakuja. Alikuwa akingoja mwanamume wa kumchinja, na kwa kuwa mwenyewe nimefika basi nitamchinja mimi, nikipumzika.

Nikampa miwani. Aliivaa, akatazama kwanza viganja vyake, kisha jogoo, kisha mimi, kwa muda mrefu, akacheka kwa furaha kama msichana. Halafu akaomba barua.

Aliisoma mwenyewe. Midomo yake ilitembea juu ya herufi bila sauti, na mimi nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuitazama midomo hiyo. Kurasa mbili. Mahali pamoja alisimama, akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena. Alipomaliza aliikunja, akaitia katika kopo la biskuti, akavua miwani na kuirudisha katika leso.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Pumzika."

Sauti haikubadilika. Aliinuka akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikasikia ndara zake zikishuka kuelekea kijitoni. Alikaa kitambo huko. Niliketi na jogoo. Hakuwa amesema lolote kuhusu kisu, na mimi sikuuliza. Alirudi amebeba bakuli lililofunikwa kwa kipande cha jani la mgomba, akaingia nalo jikoni. Nikasikia nazi ikikunwa, kitunguu kikilia katika mafuta.

Kwetu mgeni huletewa sinia, na mwenyeji akala naye, au akaita mwanamume wa jirani aje ale naye. Mimi nililetewa sahani moja ya bati, na kijiko. Wali, na juu yake nyama ya nazi, vipande vinene. Aliiweka mbele yangu, akaketi juu ya kibao upande wa pili, akafumbata mikono, akanitazama kwa upole kama anavyopaswa mwenye nyumba.

Nikangoja. Ilinichukua muda kujua kwamba nangoja, na kujua ninachongoja. Alikuwa hajasema lile neno. Wali ulitoa mvuke. Jogoo alitembea mpaka mwisho wa kamba yake, akarudi.

"Mama," nilisema, "hii ni nyama gani?"

Swali ambalo sijapata kulisikia kuanzia Tiwi mpaka Msambweni lilitoka mdomoni mwangu.

"Kula, mwanangu," alisema. "Si nyama tu?"

Nikala. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu anaswali sala tano, na hawezi kuchafua chungu chake kwa ajili yangu. Nilijiambia amekwenda kwa jirani kuazima nyama ya mbuzi. Nikajiuliza ni jirani yupi aliye ng'ambo ya kijito. Kila kijiko kilikuja na hoja yake, na kila hoja na jibu lake. Nilikuwa nimekula nguruwe Paris mara mia, ulimi wangu ulipaswa kunijulisha mara moja, lakini siku ile haukujua kitu. Ilikuwa nyama laini yenye mafuta na nazi nyingi. Niliimaliza yote. Alinishukuru kwa kumletea miwani, akaniambia nimsalimie mama yangu Msambweni, akanisindikiza hatua saba za adabu mpaka mwisho wa ua. Kofia ilikuwa ingali kichwani mwangu. Hakuidai.

Nilipofika kwenye mikorosho niligeuka. Alikuwa amechutama karibu na mtungi, sahani yangu mkononi, anachota udongo. Wanawake wote wa kwetu husugua vyombo kwa udongo, au mchanga, au jivu; mama yangu hufanya hivyo kila siku. Alisugua, akamimina maji. Akamimina tena. Moja, mbili, tatu. Ilipofika mara ya nne niligeuza uso, nikaenda zangu kwa haraka. Ningesimama kidogo tu ningejua. Sikusimama.